Unatuma Picha ya Usiku Kwenye Shindano? Hizi Ndizo Sheria Zinazowaangusha Wengi, Msee wa Mwakirunge Soma Kwanza

Linki inadondoka kwenye grupu ya mtaa: shindano la picha za usiku, zawadi kamera mpya ama doh taslimu, mwisho wa kutuma ni wiki ijayo. Chini kabisa kuna maandishi madogo ya Kizungu, kurasa saba ama nane, na hakuna mtu ana taimu nayo. Unaweka tiki pale "nakubali masharti", unatupa picha tatu, unaendelea na maisha yako.

Sasa cheki. Kama unaishi Mwakirunge, uko na usiku ambao wasee wa Nyali wangelipa wauone. Mataa ya mji yako mbali kidogo, na kuanzia Juni hadi Agosti, anga ikiwa safi, Njia Nyeupe inapita karibu na utosi mapema tu usiku. Upande mwingine kuna jaa la taka, moshi unapanda polepole, lori linaingia na taa zake, vivuli vya watu viko juu ya milima ya plastiki. Jaji yeyote akiona picha hiyo atasimama. Lakini kusimamisha jaji ni nusu ya kazi. Nusu ile nyingine ni ile karatasi ya masharti, na picha ya usiku ndiyo inabanwa zaidi na masharti kuliko picha ya mchana.

Sababu ni rahisi. Mchana kila mtu anaona kilichokuwepo. Usiku kamera inaona vitu ambavyo jicho halikuona, na jaji aliye London ama Amsterdam hana njia ya kujua giza lako lilikuwa na nini. Kwa hivyo hatakuuliza tu kama picha ni tamu. Atakuuliza kama unaweza kuthibitisha ulivyoipiga.

Waliopokonywa zawadi kwa picha za usiku

Usidhani ni hadithi za kutisha watoto. Wildlife Photographer of the Year, lile shindano la Natural History Museum ya London, limewahi kumvua mshindi mkuu. Mhispania José Luis Rodríguez alikuwa ameshinda 2009 na picha ya mbwa mwitu akiruka geti la shamba usiku. Picha kali, hakuna ubishi. Zawadi ilikuwa pauni 10,000. Januari 2010 waandaaji wakamwondoa, wakisema kuna uwezekano mkubwa mbwa mwitu yule alikuwa wa kufugwa, aliyezoeshwa watu, na sheria zilikataza wanyama wa kukodiwa. Rodríguez alikana, lakini zawadi ilienda.

Kisa cha pili ndicho cha kujifunza zaidi. Mwaka 2017 Mbrazili Marcio Cabral alishinda kitengo kimoja cha shindano hilo hilo. Picha yake ilionyesha usiku wa nyota, kichuguu kinachong'aa kwa mabuu ya wadudu wenye mwanga, na mnyama mmoja wa Amerika Kusini anayekula mchwa akikikaribia. Aprili 2018 jumba la makumbusho likamfuta. Wataalamu watano waliilinganisha picha na mnyama aliyekaushwa, aliyewekwa kwenye kituo cha wageni cha mbuga hiyo hiyo, wakakuta manyoya, alama na mkao vinafanana kupita kiasi. Cabral naye alikana.

Lakini angalia kitu kilichomnyima utetezi. Waandaaji walimuomba faili asili za RAW. Alitoa za kabla na za baada, na hakuna hata moja iliyokuwa na yule mnyama. Maelezo yake ni kwamba picha ilichukua sekunde 30, fleshi ikawaka mwanzoni, na mnyama akaenda zake. Labda. Ila kwenye shindano ukiwa na picha moja tu ya kitu cha ajabu, gizani, bila picha ndugu zake, uko peke yako kama kuku wa mtu.

"Usiku" ni saa ngapi hasa?

Sharti la kwanza kabisa huwa ni hili, na watu hulipita mbio. Masharti mengine husema picha ipigwe kati ya machweo na macheo. Hapo uko sawa: Mombasa jua linazama kati ya saa kumi na mbili na kitu na kama saa moja kasorobo, mwaka mzima, na giza linaingia haraka. Ile rangi ya buluu baada ya jua kuzama huku kwetu haikai, ni kama dakika ishirini hivi umemaliza. Kama masharti yanataka "usiku kamili", picha yako ya anga ya machungwa juu ya Utange haiingii, hata iwe tamu vipi. Kama yanasema "baada ya machweo", inaingia.

Halafu kuna mtego wa lugha ambao ni wetu wenyewe. Shindano la mtaani likiandikwa kwa Kiswahili, "picha zipigwe usiku wa Ijumaa", kijana wa Sheng ataelewa Ijumaa jioni baada ya kazi. Mzee wa Pwani anayehesabu siku kuanzia magharibi atakuambia usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya jua kuzama. Wote wako sahihi kwa hesabu zao, na mmoja wao ataondolewa. Mwandishi mzuri wa masharti huandika "usiku wa kuamkia Jumamosi" pamoja na tarehe. Usipoona tarehe, uliza kabla hujatoka nyumbani.

Faili ya picha inabeba saa ndani yake. Kama saa ya kamera yako iko nyuma miezi minne kwa sababu ulitoa betri na hukuirekebisha, picha yako ya jana itasomeka ni ya kitambo, nje ya muda wa shindano. Rekebisha saa kabla. Ni kazi ya dakika moja.

Picha moja ama picha kumi zilizobanwa pamoja?

Hapa ndipo simu inakuchezea bila wewe kujua.

Masharti mengi yanataka picha iliyopigwa mara moja, yaani shata ilifunguka na kufungika mara moja, basi. Mengine yanaruhusu kubandika picha kadhaa za anga ile ile juu ya nyingine ili nyota zing'ae na chengachenga zipungue. Neno la kutafuta kwenye Kizungu chao ni "composite". Likifuatiwa na kukataza, jua hata kuunganisha mbingu ya saa mbili na ardhi ya saa tatu ni kosa, hata kama tripodi haikusogea hata kidogo.

Sasa fungua simu yako, uende kwenye ile modi ya usiku. Unabonyeza mara moja, inakuambia tulia, sekunde tatu, kumi, nyingine zaidi. Kile inachofanya ni kupiga fremu nyingi na kuziunganisha yenyewe. Ile modi ya nyota kwenye simu za Google Pixel inaweza kukaa dakika nne, ikikusanya fremu za hadi sekunde 16 kila moja. Je, hiyo ni picha moja? Umebonyeza mara moja, lakini simu imepika sufuria nzima. Mashindano yaliyo na kitengo cha simu kwa kawaida yanakubali kwa sababu simu zote hufanya hivyo. Ambayo hayana kitengo cha simu, usibahatishe. Waandikie.

Na mwezi? Machi 2023 jamaa mmoja wa Reddit alifanya jaribio la kihuni kidogo. Alichukua picha ya mwezi, akaififisha mpaka ikawa doa tu, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta, kisha akaipiga picha kwa simu ya Samsung akiwa mbali gizani. Simu ikatoa mwezi wenye mashimo na mabonde ambayo kwenye skrini hayakuwepo. Samsung ikatoa maelezo kwamba simu zake zinatambua mwezi na kutumia akili bandia kuongeza undani. Kwa mtu wa kupost ni sawa tu. Kwa shindano linalosema "hakuna kitu kilichoongezwa na akili bandia", ule mwezi wako mkali juu ya jaa ni shida. Zima ile kazi ya kuboresha matukio kwenye mipangilio ya kamera, ama tumia modi ya mkono ambapo wewe ndiye unachagua sekunde na mwanga.

Kuhusu akili bandia kwa jumla, waandaaji wamekuwa wakali tangu 2023, mwaka ambao Mjerumani Boris Eldagsen alishinda kitengo kimoja cha Sony World Photography Awards na picha iliyotengenezwa na mashine, kisha mwenyewe akaikataa zawadi ili kuwaonyesha kwamba hawakuwa tayari. Mwaka uliofuata Miles Astray akageuza mchezo: aliingiza picha halisi ya ndege heroe kwenye kitengo cha akili bandia cha 1839 Awards, ikashinda, akaondolewa kwa kuwa ilikuwa picha ya kweli. Chekesha, lakini somo la masharti ni lile lile. Kitengo ulichoingia ndicho kinachoamua kosa lako.

Kuhariri kwa kawaida huruhusiwa mpaka kiwango fulani: kuongeza mwanga kidogo, kurekebisha rangi, kukata pembeni. Kufuta kitu ndiyo noma. World Press Photo ilimwondoa mshindi mmoja 2010, Stepan Rudik, kwa kufuta kipande cha mguu wa mtu kilichojitokeza nyuma ya mkono uliokuwa ukifungwa bendeji. Kipande kidogo tu, ambacho watazamaji wengi wasingekiona. Kwa hivyo ile nyaya ya stima inayokata anga yako, ile chupa mbele, yule msee aliyejitokeza pembeni na tochi, viache. Ama sogea hatua mbili kabla ya kupiga. Sheria hazijawahi kukataza kusogea.

Faili asili ndiyo ID yako

Kwenye masharti kutakuwa na mstari unaosema walioingia fainali wataombwa faili asili. Usidhani ni mapambo. Ndiyo mlango ambao Cabral alikwama.

Kwa kamera, weka RAW. Kwa simu, nyingi za sasa zina RAW kwenye modi ya mkono, na kama yako haina, basi ile picha ya kwanza kabisa kabla hujaigusa na apu yoyote. Usifute zile picha mbovu za kabla na baada. Hizo mbovu ndizo mashahidi wako: zinaonyesha lori likikaribia, moshi ukisogea, nyota zikihama kidogo kidogo.

Na tafadhali, usizihifadhi kwa kujitumia WhatsApp kama picha. WhatsApp inaibana picha na kuondoa zile taarifa za ndani, saa na aina ya kamera na kila kitu. Ukilazimika kupitia huko, itume kama hati. Bora zaidi weka kwenye memori kadi, na nakala kwenye barua pepe yako.

Watu walio kwenye picha si mapambo ya picha

Tufike kwenye jaa sasa, maana najua ndiko unakoelekea.

Tangu malori yaliyokuwa yakimwaga Kibarani kuelekezwa huku baada ya jaa la kule kufungwa 2018, Mwakirunge imekuwa ndilo jaa kubwa la Mombasa, na kuna watu wanaokula kupitia pale. Wanaokota chupa, chuma, plastiki. Wengine ni jirani zako. Wengine ni watoto, na hilo linajulikana. Picha ya mtoto juu ya taka usiku na tochi kichwani inashinda mashindano. Sitaki kukudanganya, majaji wa mbali huipenda sana picha ya aina hiyo, pengine kupita kiasi. Ndiyo maana masharti yanarudisha mzigo kwako: mshiriki anathibitisha ana ruhusa ya kila anayetambulika kwenye picha. Ukiweka tiki umesema unayo. Mambo yakiharibika, wao wana tiki yako mkononi.

Na Kenya hii si maneno tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu sura ya mtu kuwa data yake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuja kujienjoy bila ruhusa yake. Hiyo ni picha ya usiku, ya klabu, aina ile ile ambayo mafotographa wa mtaani hupiga kila wikendi. Siku hizo hizo shule moja ya Uthiru, Roma School, ilipigwa shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Linganisha hizo faini mbili uone watoto wana uzito gani mbele ya sheria.

Kuna watu watakuambia, aah, sanaa na uandishi wa habari vimeachiwa nafasi kwenye sheria hiyo. Ni kweli, nafasi ipo, na ina masharti yake, ikiwemo maslahi ya umma. Lakini soma vizuri karatasi ya shindano. Kama inasema mdhamini anaweza kutumia picha kwenye matangazo yake, picha imeshatoka kwenye sanaa na kuingia biashara. Yule mama uliyempiga akiokota chupa anaweza kujikuta kwenye bango la kampuni ya betri, na wa kwanza kuulizwa mtaani ni wewe, si kampuni.

Kwa hivyo fanya hivi. Nenda mchana kwanza, bila kamera. Jaa linasimamiwa na kaunti, kwa hivyo kuna watu wa getini wa kuongea nao, na waokotaji wenyewe wana wakubwa wao. "Shikamoo mama, naitwa fulani, nakaa hapo chini. Nataka kuja usiku kupiga picha za shindano. Nikikupiga wewe, picha itaenda mtandaoni na inaweza kutumiwa kwa tangazo. Wakubali ama hapana?" Mwambie na kama kuna doh ya mshindi ni ngapi. Akikataa, marahaba, umeshukuru, umeondoka. Akikubali, andika kwa Kiswahili chepesi: jina lake, tarehe, kwamba ameelezwa picha inakwenda wapi, sahihi ama kidole gumba. Kama hapendi makaratasi, rekodi sauti yake akisema amekubali. Kwa mtoto, mzazi ama mlezi ndiye anayekubali, na ukimkosa mzazi hiyo picha hutumi. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kuna suluhisho jingine ambalo usiku unakupa bure: kivuli. Piga ukiwa umeelekea taa za lori ama moto, mtu abaki umbo jeusi, uso usitambulike. Picha huwa kali zaidi, mtu analindwa, na sharti linalozungumzia "anayetambulika" halimgusi. Ila kuwa mwangalifu. Jirani anaweza kumtambua mtu kwa mguu unaochechemea ama kofia anayovaa kila siku.

Maelezo chini ya picha yanaweza kukuondoa pia

Watu wanamaliza nguvu zote kwenye picha, halafu maelezo wanaandika ovyo. Mwaka 2015 World Press Photo ilimnyang'anya Mwitaliano Giovanni Troilo zawadi ya kwanza. Mfululizo wake ulikuwa kuhusu mji wa Charleroi, Ubelgiji, lakini picha moja ilikuwa imepigwa Molenbeek, kule Brussels. Mahali tu ndipo palipomponza.

Sasa wewe andika "mtaa wa mabanda, Nairobi" kwa sababu unafikiri majaji hawajui Mwakirunge, uone. Andika Mwakirunge, Kisauni, Mombasa. Andika tarehe na saa. Andika mtu anafanya nini, si unachodhani anahisi. "Anaota maisha bora" hukuambiwa na mtu, umejitungia. Na kama ulimuomba asimame hapo na kugeuza tochi, sema ulimuomba. Kwenye vitengo vya ubunifu hilo halina shida. Kwenye vitengo vya habari ni kosa, na ni afadhali uhamie kitengo kuliko kuficha.

Haki ya picha: soma hapa mara mbili

Hii ndiyo sehemu yenye pesa.

Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, mwenye picha ni yule aliyeipanga, aliyeamua iwe vile ilivyo. Hauhitaji kuisajili ili iwe yako, ingawa KECOBO wanapokea usajili na cheti husaidia mkibishana. Haki hiyo inaishi miaka 50. Angalia tu kama uliagizwa: kazi ya kuagizwa ama ya ajira, haki inaenda kwa aliyekuagiza isipokuwa mmekubaliana vingine. Kama bosi wako wa studio ndiye alikutuma Mwakirunge na kamera yake, muulize kwanza picha ni ya nani kabla hujaiingiza popote.

Masharti ya shindano mara nyingi huanza kwa maneno matamu: "haki zote zinabaki kwa mpiga picha." Usishangilie. Soma mstari unaofuata. Ukiona "perpetual", ni milele. "Irrevocable", huwezi kubadilisha nia. "Royalty-free", hutalipwa senti. "Sublicense", wanaweza kumpa mtu mwingine, naye ni hivyo hivyo bure. Yakikaa yote manne pamoja, haki imebaki kwako kwa jina. Umewapa nyumba, wamekuachia hati ukutani.

Sharti la haki huwa na mipaka mitatu: kwa kazi gani, kwa muda gani, na kwa picha zipi. "Kutangaza shindano na maonyesho yake, miaka mitatu, picha za washindi" ni sawa kabisa, nyoosha mkono. "Kwa matumizi yoyote, milele, picha zote zilizotumwa" ni kampuni inakusanya ghala la picha za bure kwa gharama ya kamera moja. Watu elfu wanatuma, mmoja anashinda, mia tisa tisini na tisa wamefadhili matangazo. Binafsi ningeipita hiyo hata zawadi iwe gari.

Kuna mashindano ambapo kutoa ndiyo nia yenyewe, na wanasema wazi. Wiki Loves Africa, linalofanyika tangu 2014, linakutaka upakie picha Wikimedia Commons kwa leseni huria. Mtu yeyote duniani anaweza kuitumia, hata kwa biashara, mradi akutaje. Huwezi kuirudisha. Si wizi, ni sadaka, na jina lako linasafiri nayo. Lakini ile picha yako bora ya mwaka, unayotaka kuuzia gazeti kesho, usiipeleke huko.

Ada nayo haina sheria moja. World Press Photo kuingia ni bure, na tangu mashindano ya 2022 Afrika ina kanda yake, kwa hivyo hushindani moja kwa moja na Ulaya nzima kwenye hatua ya kanda. Astronomy Photographer of the Year la Royal Observatory Greenwich, lililoanza 2009, huwatoza watu wazima ada. Hilo lina vitengo vya mwezi, mandhari ya anga, hata watu na anga, na zawadi moja yenye jina la Annie Maunder ambapo unaweza kutumia data za darubini zilizo wazi kwa umma. Yaani unaweza kushiriki bila kamera, umekaa kwenye saiba ya Kiembeni na kompyuta tu. Kinachopaswa kukutia shaka ni ada inayotumwa kwa namba ya M-Pesa ya mtu binafsi, masharti yasiyotaja majaji, na "mshindi ni mwenye laiki nyingi." Hilo la mwisho si shindano la picha, ni shindano la marafiki.

Ukipata shida usiku, ni yako

Mwishoni kabisa utaona kipengele kinachosema waandaaji hawahusiki na jeraha, hasara ama kukamatwa. Kwa Kiswahili cha mtaa: ukiibiwa kamera, ukichomwa na moto wa taka, ukibebwa na polisi, hawakujui. Kisauni tunajua usiku unaweza kuwa na mambo yake. Enda watatu, mjulishe mzee wa mtaa ama watu wa nyumba kumi, bodaboda awe ni mtu mnayemjua na anangoja pale pale. Moshi wa plastiki si wa kuchezewa pia, vaa barakoa na ukae upande upepo unakotoka.

Masharti karibu yote yanasema picha isipigwe kwa kuvunja sheria za nchi. Droni inahitaji usajili na ruhusa ya KCAA, na uwanja wa ndege wa Moi uko Mombasa hii hii, kwa hivyo usiirushe eti kwa sababu Mwakirunge kumetulia. Na kama mawazo yatakuvusha mpaka Likoni, maeneo ya jeshi kama kambi ya wanamaji ya Mtongwe yaache kabisa. Usiku na tripodi, huko utaeleza mpaka kuche.

La mwisho ni saa ya kufunga. Wakiandika saa 23:59 GMT, sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hivyo mlango unafungwa saa nane na dakika 59 usiku wetu. Wakiandika saa ya London wakati wa kiangazi chao, tofauti ni masaa mawili. Usingoje dakika hizo na bando la shilingi ishirini. Na kama kuna kitu hujaelewa, waandikie wiki moja kabla, swali fupi tu: "Simu yangu inaunganisha fremu yenyewe kwenye modi ya usiku, je naruhusiwa?" Jibu likija, piga skrinishoti na uliweke pamoja na faili zako asili.